Kofia Mbili za Mapasa

Songo, Uvira
Jumanne, tarehe 10 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Déogratias,

Naomba barua hii ikukute mzima, kifua kimeacha kukusumbua na macho hayawashi tena kwa moto wa kuchomelea. Ulisema karakana yenu imehamishiwa karibu na bandari, na kwamba upepo wa asubuhi huko Mpulungu ni mkali. Vaa koti. Usiniambie wewe ni mtu wa Uvira, baridi huijui. Baridi haimuulizi mtu ametoka wapi.

Sisi huku tupo. Mama anakusalimu sana. Magoti bado yanamuuma, hasa akipanda kutoka sokoni, lakini kelele zake ni zilezile za zamani, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye. Binti yangu Délice anajiandaa kwa mitihani ya taifa. Anasoma kwa sauti kubwa mpaka majirani wote wa upande wa chini sasa wanajua kemia.

Mvua zimekwisha. Maji ya ziwa yameshuka kidogo na njia ya ufukweni inapitika tena, ingawa nyumba zilizosimama majini bado zimesimama majini. Redioni tunatangaza mchana tu, maana mafuta ya jenereta hayapatikani kila siku.

Barua hii ameibeba Nasoro, yule mjukuu wa mzee Djamali wa duka la vitenge Kalundu. Anashuka na mizigo yao kwa boti hadi huko kwako, mwisho wa ziwa. Nimemwomba asikupe kazini, ukiwa na moto mkononi, wala mbele ya watu. Akutafutie kwanza mahali pa kukaa, kisha asiondoke mpaka umalize kusoma. Aliipima bahasha kiganjani akasema, "Dada Sabine, hii ni barua ao ni gazeti?" Nikamwambia ni barua. Aliponitazama usoni akaacha utani, akaiweka kwenye mfuko wa ndani.

Kama umesimama, keti. Kama Nasoro ametoka nje, mwite arudi.

Unaijua kazi yangu, na unajua siwezi kuificha habari nzito nyuma ya maneno mengi. Wiki iliyopita nilikwenda Nyakabere kuwaona wanao kwa mara ya kwanza. Bukuru ni mzima. Nimembeba, nimemkagua kwa macho na kwa mikono, hana kasoro. Butoyi amekufa. Alikufa mwezi wa pili, kabla hajatimiza mwezi mmoja. Neno hilo nimeliandika mara mbili kwa sababu karatasi haina masikio na mtoto hayuko karibu. Kuanzia hapa silirudii. Nitasema kama wanavyosema nyumbani kwa mke wako, kwa akina Blandine: amerudi.

Pumzika hapo kwanza. Barua haikimbii.

Najua swali lako la kwanza litakuwa kwa nini hukuambiwa. Nitalifikia. Niache nikueleze kwa mpangilio jinsi nilivyojua, kwa maana hata mimi sikuambiwa.

Mke wako alipokwenda kujifungulia kwa mama yake tulikubaliana sote kwamba ni vizuri, kwa kuwa watoto wawili kwa mpigo, mapasa, wanahitaji mikono mingi. Kisha vita vikateremka kwenye uwanda wa Ruzizi, barabara ikafungwa, na kila nilipopiga simu Nyakabere nilijibiwa kwamba watoto wako salama na wanatusalimu. Wiki iliyopita ndipo Rayan, kijana wa pikipiki wa hapa mtaani, aliponiambia njia inapitika kama unavumilia bariera za wenye bunduki.

Mama alifunga mizigo yeye mwenyewe. Beseni mbili, sabuni mbili, vipande viwili vya kitenge, na kofia mbili za sufu alizozifuma tangu mwezi wa kwanza, moja ya kijani na nyingine ya kijani ileile. Alikagua kila kitu mara ya pili kabla sijapanda. Kwa mapasa hupeleki kimoja, alinikumbusha, yule aliyekosa atanuna aondoke. Nikamwambia najua, Mama. Nilifikiri ninajua.

Njiani Rayan alinipa mawaidha. "Mama Sabine, ku bariere wakiuliza, sema weye ni muke yangu, watatuacha mbio." Nikamjibu aseme mimi ni mama yake, hapo watamwamini bila kuuliza. Alicheka mpaka pikipiki ikayumba. Bariera tulizikuta kadhaa. Waliangalia kitambulisho changu, wakaangalia zile beseni mbili, na mmoja wao aliposikia ni za mapasa akaweka kidole kwenye kila beseni, akatuachia. Hata mtu mwenye bunduki anaziogopa nyumba za mapasa.

Mama mkwe wako, Mama Antoine, alinipokea uani kwa matusi, kama desturi ya nyumba hizo inavyotaka. Alipiga vigelegele akasema, "Karibu, dada ya ule mwenye miguu ya korongo, anazaaka babili na yeye mwenyewe hana nyama ya mutu moya!" Wanawake waliokuwa wakimenya mihogo wakaitikia. Nikamrudishia kwamba binti yake ndiye aliyeifuata miguu hiyo mpaka Songo bila kuitwa. Wakacheka. Nakuandikia haya ujue kwamba sikuingia nyumba yenye dalili yoyote. Palikuwa na kicheko, na nilicheka.

Ndani walikuwa wametandika mkeka mpana. Upande mmoja alilala mtoto. Upande wa pili palikuwa na kitambaa safi kilichokunjwa vizuri. Kando kulikuwa na vikombe viwili vidogo na mito miwili. Blandine alisimama, akanikumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, akamwinua mtoto akaniwekea mikononi. "Bukuru," akasema.

Nilimshika, nikamtazama, nikangoja wa pili aletwe. Nilidhani amelala chumba cha ndani, au amebebwa na jirani. Nikatoa kofia. Mama Antoine akapokea zote mbili, akamvalisha Bukuru moja, ya pili akaiweka juu ya kile kitambaa. Aliiweka taratibu na kuinyoosha, kama mtu anayevalisha.

Kazini nimejifunza kwamba ukinyamaza vya kutosha watu husema wenyewe. Siku hiyo sikunyamaza vya kutosha. Niliuliza, "Na Butoyi, amelala?" Blandine alikuwa anaitazama ile kofia. Hapo nikaelewa, na mdomo wangu ukafanya kile unachofanya kila siku mbele ya kinasa sauti. Nikauliza ni lini, kwa neno lilelile ambalo hapa silirudii.

Mama Antoine alimchukua mtoto mikononi mwangu kabla sijafunga kinywa. "Toka! Mu nyumba ya mapasa hatusemake ile neno. Weye, na masomo yako yote! Batoto iko babili. Toka inje, uingie tena, usalimie bote babili."

Nilitoka. Nilisimama uani na kuku, kwenye jua, mtu wa umri wangu, kama mwanafunzi aliyechelewa. Mmoja wa wale wamenya mihogo akasema polepole, "Redio imekatika," na mwenzake akamfinya. Nikavuta pumzi, nikarudi mlangoni, nikasema, "Amani kwako, Bukuru. Amani kwako, Butoyi." Mama Antoine akaitikia mara mbili, kwa sauti mbili tofauti, akaninawisha mikono kwa maji ya mtungi, akanirudishia mtoto.

Mila hiyo tumeisikia tangu utoto, lakini kwetu hapakuwahi kuzaliwa mapasa, kwa hiyo tuliijua kama mtu anavyojua kina cha mto ambao hajauvuka. Wanasema hao wawili wamefungwa kwa uzi mmoja. Mmoja akirudi, aliyebaki hukaa akisikiliza. Akisikia mwenzake analiliwa, atajua amekwenda, naye atamfuata. Kwa hiyo hakuna kilio. Hakuna matanga. Wawili wanaendelea kusalimiwa wawili, na kila kitu kinakuja kwa viwili. Wewe mwenyewe utaitwa Baba Mapasa mpaka kaburini, na hakuna wa kukuondolea jina hilo.

Ndiyo maana hukupigiwa simu ya msiba. Msiba haukuwekwa. Majirani hawakukaa, moto haukuwashwa nje, na hakuna mtu aliyelia katika nyumba ile mpaka leo.

Kilichotokea nilielezwa na Blandine kesho yake asubuhi, tulipokwenda kufua kwenye mfereji. Bukuru alikuwa mgongoni mwake, kwa hiyo alisema kwa sauti ya chini na kwa maneno ya kuzunguka. Nakupa bila kuongeza.

Butoyi alizaliwa wa pili, mdogo kuliko kaka yake, lakini alinyonya vizuri. Wiki zile za mwanzo hapakuwa na shida yoyote. Kisha watu wa Katogota wakaanza kupita na magodoro kichwani, na siku ya pili Nyakabere nayo ikaondoka. Blandine alimfunga Bukuru mgongoni na Butoyi kifuani. Mama Antoine alibeba sufuria na unga. Walijificha kwenye mashamba ya mpunga kuelekea mto, mvua ikawanyeshea humo. Waliporudi nyumbani Butoyi alikuwa anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Walimkimbiza penye matibabu, wakakuta pamefungwa. Wauguzi walikuwa wamekimbia kama watu wengine wote, na mimi siwalaumu. Kaka yake Blandine, Antoine, alikuwa anatafuta pikipiki ya kuwaleta Uvira. Pikipiki haikuwepo. Asubuhi, Butoyi akiwa kifuani mwa mama yake, aliliachia titi.

Najua yale utakayotaka kuyajua, kwa hiyo niliyauliza. Hakuwa peke yake hata kidogo, tangu alipozaliwa mpaka aliporudi alikuwa mwilini mwa mtu. Alibatizwa. Antoine alimbatiza kwa maji ya mtungi, kwa jina ulilolichagua wewe, Shalom. Alivaa lile shati jeupe ulilolituma, na pacha wa shati hilo yuko kwa Bukuru. Hakulia mwishoni.

Sasa suala la simu, ambalo ndilo gumu kuliko yote.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo, ulipopiga, Blandine alikuwa amejikaza akuambie. Lakini alikuwa amekaa na mtoto mapajani, mama yake yuko kando, na wewe kabla hujasalimiwa ukasema kwa furaha, "Nipe kwanza mkubwa, halafu mdogo." Aliiweka simu kwenye sikio la kulia la Bukuru. Ukaongea naye. Kisha ukasema, "Sasa Butoyi." Blandine akamgeuza mtoto, akaiweka simu kwenye sikio la kushoto.

Amefanya hivyo kila Jumapili tangu siku ile. Simu yake haipigi picha, kwa hiyo ulipoomba picha alikuwa na jibu la kweli. Ulipotuma vitu viwili viwili, hakuna aliyeshangaa, kwani kwa mila ndivyo inavyotakiwa.

Wakati wa Pasaka uliniambia kwenye simu kwamba Butoyi ndiye mwenye pumzi kubwa, kwamba yeye hukujibu na kaka yake hukaa kimya, na kwamba huyo ndiye atakayekuwa fundi. Nakumbuka, kwa sababu nilimsimulia Mama. Pumzi zote ulizozisikia, za sikio la kwanza na la pili, ni za Bukuru. Blandine anasema akigeuzwa huwa anachangamka, ndiyo maana.

Usimkasirikie. Nilimuuliza waziwazi, kama ninavyomuuliza mtu yeyote, kwa nini aliendelea. Alikuwa anakamua nguo, hakuniangalia. Alisema, "Yaya, dada yangu, minye niliwaza ni mara moya tu. Kisha yeye akamupenda Butoyi kupita mwingine. Ningesema je?"

Nikamwambia ajue kwamba siku moja utarudi, na utahesabu. Akasema anajua. Akasema kila Jumapili mikono inaanza kumtetemeka tangu misa. Kisha akaniomba kitu hiki ninachokifanya sasa. "Weye ndiye mwenye kuandika. Minye kinywa changu iko karibu na sikio yake siku yote."

Ni kweli. Mtoto yuko mgongoni au kifuani, mchana na usiku. Hakuna mahali ambapo mwanamke huyo anaweza kulisema neno lile.

Aliniongoza mpaka mahali penyewe. Ni nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mfereji. Mapasa hawazikwi penye ukavu. Hakuna msalaba wala jiwe, ila udongo umesawazishwa na majani hayajaachwa yaote juu. Nilisimama nikapatazama vizuri, ili ukiniuliza niweze kukuambia kwamba nimepaona kwa macho yangu. Ukisimama hapo, mlima uko mkono mmoja na mto mkono wa pili, na maji ya mfereji unayasikia.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta Mama Antoine hapo na mtungi, akimwaga maji. Akaniambia anamwagilia migomba. Migomba iliyo kando ya mfereji haihitaji kumwagiliwa, lakini nilikuwa nimeshatolewa nje mara moja, sikusema kitu.

Sasa nikuambie kuhusu Bukuru, maana umepewa pia mtoto aliye hai na hujawahi kumwona. Ana masikio yako, yaliyosimama kidogo, na la kushoto limekunjika juu kama lako. Paji la uso ni la Blandine. Nywele ni nyingi nyuma na chache mbele. Ngozi yake imeshatulia kwenye rangi, ni mweusi wa upande wetu. Mkono wa kulia huufunga ngumi na wa kushoto huuacha wazi. Ukimpa kidole anakishika kwa ule wa kushoto. Nilipovua miwani alifuata miwani kwa macho, si uso wangu. Amenona. Anashika kichwa chake mwenyewe. Alinikojolea kitenge changu kizuri mara moja tu, na Mama Antoine akasema hiyo ni nusu ya heshima ninayostahili.

Akilala, hulalia upande mmoja wa mkeka. Wamejaribu kumweka katikati, anajisogeza. Sitaki kulipa jambo hilo maana ambayo halina. Nakuambia nilichokiona.

Niliporudi Songo Mama alikuwa amekaa mlangoni. Hakuuliza habari za bariera wala za barabara. Aliuliza kama kofia zimewatosha. Nikamwambia nimewasalimia wote wawili, Bukuru na Butoyi, na kofia zimepokelewa zote. Alinitazama. Mama amezika watu wengi, hahitaji kumaliziwa sentensi. Akauliza mtoto ana kichwa kikubwa kiasi gani. Mtoto, alisema, siyo watoto. Nikamwonyesha kwa mikono. Akaingia ndani, akatoka na uzi mwekundu, akaanza kufuma. Jana alimaliza ya kwanza. Leo ameanza ya pili, kipimo kilekile.

Kabla sijaondoka Nyakabere nilimuuliza Mama Antoine swali moja. Nilitaka kujua mila inakataza nini hasa: inakataza kulia, au inakataza kulia mtoto akisikia? Sidhani kama mtu amewahi kumuuliza.

"Asisikie," akasema. "Ni ile tu. Asisikie."

Nikamuuliza je, mtu aliye mbali?

"Mbali namna gani?"

Nikamwambia kule mwisho wa ziwa, wanakoishia wenye boti. Aligeuka akatazama upande wa kusini, ingawa kutoka uani kwake ziwa lenyewe halionekani. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge, haraka, akasingizia moshi wa jikoni. Jiko lilikuwa halijawashwa.

"Kule, hapana," akasema. "Toka kule haimufikie."

Ndiyo sababu nimekuandikia yote, mdogo wangu, na sikukuachia kitu. Blandine hajalia, kwa kuwa anaamini kilio kitashuka kwenye maziwa. Mama yake hajalia, anamwagilia migomba. Antoine, aliyemzika, aliniambia alipomaliza kufukia alikwenda kulima mpaka giza. Mama yetu anafuma. Mimi nilidhani nikifika Songo nikafunga mlango nitaweza, lakini nimekaa siku kadhaa na sijaweza. Huenda Songo si mbali vya kutosha.

Wewe uko mbali vya kutosha. Katika jamaa yote hii wewe peke yako ndiye unayeruhusiwa. Mlilie mwanao. Shuka ufukweni kama huko kwenu watu ni wengi, umlilie kwa sauti, kwa jina lake. Umlilie pia kwa niaba ya mama yake. Nasoro atakuwa karibu, usimwonee haya. Babu yake alimlilia baba yetu mbele ya msikiti mzima.

Ukimaliza, uoshe uso wako vizuri, kwa sababu Jumapili lazima upige simu kama kawaida. Mwanzoni salimia wawili, mama mkwe wako atakuwa anasikiliza. Ongea na Bukuru. Utamsikia akigeuzwa. Akishageuzwa, usiseme na Butoyi. Mwite Blandine kwa jina lake, useme naye mwenyewe, habari yoyote, hata ya upepo wa Mpulungu. Usimweleze lolote kuhusu barua hii. Atajua imefika, na mikono yake itapumzika.

Vitu viwili viwili uendelee kuvituma.

Mama anakusalimu, na anasema usiioe kazi, upate na muda wa kulala. Délice anakusalimu na anakuomba umwombee kwa ajili ya mitihani. Antoine anakusalimu, amesema akikuona atakuonyesha mahali yeye mwenyewe. Rayan wa pikipiki hakujui wewe lakini naye ameomba asalimiwe. Nisalimie wote mnaofanya nao kazi, na huyo mama mwenye nyumba unayopanga, mshukuru kwa ile dawa ya kifua.

Mungu akushike mkono huko ulipo, akulinde na moto na maji, akurudishe kwetu. Na awatunze wanao wawili, aliyebaki na aliyerudi.

Dada yako akupendaye daima,

Sabine